Bakuli la Shaba la Tak Pil-rye

Mtu anapohama nyumba, akafunga mlango na kumwacha paka wake ndani, kitendo hicho kina jina, na jina lake si kusahau. Naanza na neno hili kwa sababu katika mtaa wetu wa mlimani, hapa Busan, kila aliyeulizwa alijibu kwamba jamaa wa nyumba ya bluu walisahau. Jokofu hawakulisahau. Mapazia hawakuyasahau, wala balbu za umeme, ambazo walizifungua zote hata ile ya chooni. Paka dume wa manjano, kijana, ndiye waliyemsahau; naye alilia kwa ndani hadi Tak Pil-rye alipopasua kioo cha dirisha la jikoni kwa mchi, akaingiza mkono, akamtoa.

Mtaa wetu ulikuwa umeshakatiwa shauri. Nyumba zilizohamwa zilipigwa alama nyekundu ukutani, na ilijulikana kwamba baada ya sikukuu ya mavuno mashine zingepanda kubomoa kilichobaki, ili yajengwe maghorofa ambamo wengi wetu tusingekaa kamwe. Kumrudisha mnyama katika magofu yale kulikuwa sawa na kumuua. Pil-rye alilielewa hilo tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana mambo yaliyofuata yalimtesa kuliko ambavyo yangemtesa mtu asiyejali.

Alikuwa anakaribia miaka sabini, mfupi, mwenye mikono mikubwa. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia katika jiko la shule ya msingi iliyo chini ya mlima, akipika wali na supu ya watoto. Mumewe, fundi wa kiwanda cha viatu vya mpira, alifariki mapema kwa ugonjwa wa mapafu, hawakujaliwa mtoto. Alirudi katika nyumba ya wazazi wake, akamuuguza baba yake mpaka mwisho, na tangu hapo aliishi na Meoru peke yake. Meoru alikuwa paka jike mweusi, mzee, aliyezaliwa chini ya ubao wa baraza ya nyumba hiyo hiyo, na hakuwa amewahi kukaa na paka mwingine. Hilo hakuna aliyelifikiria.

Yule wa manjano alimpa jina la ukoko wa wali, kwa rangi yake, na kwa kuwa alisema ndicho kitu pekee ambacho sufuria hubaki nacho wakati kila kitu kimeshapakuliwa. Nami nitamwita Ukoko.

Kwetu, watu wa nyumba moja huitwa kwa neno ambalo maana yake ni vinywa vinavyokula pamoja. Hakuna neno tunalolitukuza zaidi ya hilo. Mgeni akiletwa hulishwa kwanza, ndipo huulizwa jina. Waliogombana huketishwa mezani, huwekewa supu, na hutarajiwa wanyanyuke wakiwa ndugu. Pil-rye aliiamini kanuni hiyo kama wengine wanavyoamini dawa. Alipenda kusimulia jinsi alivyowahi kuwakalisha bega kwa bega wavulana wawili waliopigana hadi damu, akawapa trei moja, na kabla supu haijapoa wakawa wanacheka.

Basi akafanya alichojua. Akatoa kabatini bakuli la shaba lililokuwa la marehemu mama yake, akachemsha samaki, akamtoa miba kwa vidole, akamchanganya na wali kidogo, akaliweka bakuli katikati ya sakafu. Ukoko, ambaye alikuwa ameonja njaa, alikula bila kuinua kichwa. Meoru alisimama mbali, masikio yamelala. Pil-rye alimbeba akamweka kando ya bakuli. Meoru akarudi nyuma. Akambeba tena.

"Kula, mama," alimwambia. "Humu hamna mgeni."

Alifanya hivyo kila mlo. Na kila mlo nyumba ilizidi kuharibika. Kwanza palikuwa na kufokeana kwa pumzi, kisha makofi, kisha ngurumo ndefu ambayo majirani tuliisikia tukadhani ni mtoto analia. Ukoko alijifunza kulala kwenye kizingiti cha chumba chenye trei ya mchanga ambamo paka hujisaidia. Hakufanya kitu, alitazama tu. Asiyewajua paka angesema amepumzika. Meoru, aliyeogopa kupita mbele ya macho yale, akaanza kukojoa juu ya mfarishi wa Pil-rye.

Na nani aliyekaripiwa? Meoru. Kwa kuwa Ukoko alikuwa kimya, safi, mwenye hamu ya kula, naye Meoru alikuwa amechafua matandiko. Hivi ndivyo tunavyohukumu, na si paka tu: anayeziba njia huonekana mtulivu, na aliyezibiwa huonekana mkorofi. Pil-rye alimsugulia pua karibu na mkojo, akamfungia nje barazani hadi giza lilipoingia. Alimpenda sana. Ila alikuwa na kanuni moja tu mkononi, na kanuni ilipokataa kufanya kazi aliongeza kipimo chake.

Mama Guk, muuza tofu wa kona, alikuja siku moja na kipande cha tofu ya moto, akakuta vita vinaendelea chini ya meza. Akaketi barazani akicheka.

"Dada, nyumba yako hii haikosi ngoma. Mbona hao ni wake wenza kabisa? Mmoja mzee, mmoja mbichi, na chakula kimoja."

Mama Guk hakuwa na nia mbaya. Hakukulia katika mtaa huu, na hakujua anagusa wapi. Pil-rye alipokea tofu, akashukuru, akaingia ndani, na mwenzake akabaki barazani akijiuliza amekosea nini.

Kaka yake, Tak Chi-gon, alikuja katikati ya kiangazi kuzungumzia kuhama. Alikuwa karani mstaafu wa bandari, mtu wa shati lililopigwa pasi, na nyumba ndogo ya kupanga ambayo Pil-rye angehamia ilikuwa imeandikwa kwa jina lake. Kwa hiyo alipozungumza, alizungumza kama mwenye mlango. Alinusa mfarishi uliokuwa umeanikwa, akauona mkono wa dada yake una mikwaruzo, akataka kujua sababu. Alipoelezwa, alitoa hukumu pale pale, kabla hajamaliza chai ya shayiri.

"Wasiojua kula pamoja hawakai nyumba moja. Mmoja atoke. Na atoke huyo wa kuokota."

"Akitoka anaenda wapi, kaka? Kule chini kuna vioo na misumari tu."

"Alikotoka. Wewe si mama yake."

"Watapatana. Wape muda."

"Nawapa mpaka sikukuu," alisema Chi-gon. "Siku ya sikukuu nakuja kwa ajili ya wazee wetu. Nikisikia kelele humu ndani, namtia kwenye gunia mwenyewe. Sitaki nipigiwe simu na majirani wa ghorofani kwamba dada yangu anafuga chui."

Sikukuu ndiyo siku ambayo wafu wa nyumba huandaliwa meza, wali na supu, na walio hai huisujudia. Mwaka ule ingekuwa mara ya mwisho kuwaandalia katika nyumba ile. Pil-rye aliupokea muda aliopewa bila kubisha. Jioni ile akalisogeza bakuli katikati zaidi.

Siku chache baadaye Ukoko alimkimbiza Meoru hadi juu ya kabati la nguo, akamfuata, na wote wawili wakaanguka pamoja na masanduku. Pil-rye akatumbukiza mkono katikati yao, jambo ambalo ni wazimu, na aliyemng'ata hadi jino likagusa mfupa hakuwa Ukoko bali Meoru wake mwenyewe, ambaye katika hofu ile hakumtambua mtu. Kesho yake upande mmoja wa uso wa Meoru ulikuwa umevimba jipu, na hakutaka kula. Pil-rye alimfunga kwenye kitambaa cha kubebea mizigo, mkono wake mwenyewe ukiwa na bandeji, akashuka ngazi za mlima hadi kwa daktari wa wanyama.

Daktari, Seon Hye-in, alikuwa mwanamke kijana asiyependa maneno mengi. Alipasua jipu, akalisafisha, akauliza maswali huku akiandaa sindano. Paka wa pili ameingizwa vipi? Trei za mchanga ziko ngapi? Wanalishwa wapi? Pil-rye alijibu yote, na alipofika kwenye bakuli alijibu kwa fahari kidogo.

Daktari akaacha alichokuwa akikifanya.

"Bibi, paka anawinda peke yake na anakula peke yake. Sio kama sisi. Ukimweka ale puani mwa adui yake, umemwambia achague, njaa au kipigo."

"Mimi nimelisha watoto wa shule umri wangu wote, daktari. Najua meza inafanya nini."

"Watoto walikuwa wanarudi kwao jioni. Huyu anarudi wapi?"

Pil-rye alikiokota kitambaa cha kubebea, akaanza kukikunja.

"Sasa hivi anakaa wapi, hapo nyumbani?" daktari aliuliza. "Anakula wapi, akila?"

"Jikoni. Nyuma ya jiko, pale penye giza. Akishakula mwenzake nampelekea kidogo, anakula amesimama—"

Hakuimaliza sentensi. Daktari aliniambia baadaye kwamba alidhani bibi anataka kuzirai, akamvutia kiti. Lakini Pil-rye hakuwa anazirai. Alikuwa amesikia kinywa chake mwenyewe kikisimulia habari za mtu mwingine.

Baba yao aliingiza mwanamke wa pili nyumbani Pil-rye akiwa bado mdogo. Hakuwa na kisingizio cha kukosa mrithi. Mrithi alikuwepo, ndiye Chi-gon. Alimtaka, akamleta. Watoto wakaamriwa wamwite Mama Mdogo. Bibi yao, mama wa baba, aliyeogopa maneno ya mtaa kuliko alivyoogopa dhambi, alitoa amri moja: wanawake wote wawili wale meza moja na mume wao, kila mlo, ili pawe na amani. Mtaa mzima uliisifu nyumba ile. Watu walipita wakasema, tazama, wake wawili na hakuna sauti. Hakika hapakuwa na sauti. Baada ya muda mama alianza kusema hana njaa, kisha kusema atakula baadaye, kisha akawa anachukua bakuli lake la shaba, lile aliloletewa alipoolewa, na kula nyuma ya jiko, amesimama, wengine wakishamaliza. Hakuna aliyemfukuza mezani, na hakuna aliyemwuliza kwa nini haji. Alikonda mpaka akafa, na ugonjwa ukaitwa udhaifu wa tumbo.

Amani ya aina hii tumeiimba vya kutosha katika nchi yetu. Ukiichunguza, mara nyingi utakuta imelipiwa na mtu mmoja, aliye jikoni, na walioila ndio wanaoisifu. Nasema hivi bila kuomba radhi.

Pil-rye aliporudi kutoka kwa daktari hakulia wala hakuomba ushauri wa mtu. Aliliosha bakuli la shaba kwa majivu, akalikausha, akalirudisha kabatini. Kisha akamhamishia Ukoko chumba cha nyuma, akasukuma mlango wa karatasi, ule wa kuteleza wenye fremu ya mbao, ukajifunga, na tangu siku ile nyumba moja ikawa mbili. Kila paka alikuwa na trei yake, maji yake, kisahani chake, na mahali pa juu pa kupanda. Ukoko akapelekwa akahasiwa. Kila asubuhi Pil-rye alimfuta Meoru mashavuni kwa kitambaa, akakiweka katika kitanda cha Ukoko, na cha Ukoko akakipeleka kwa Meoru, ili kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake kabla ya kuuona uso wake. Meoru alikifokea kitambaa kile mwanzoni, kisha akakikalia mbali, na asubuhi moja akakutwa amekilalia kwa bahati mbaya.

Visahani aliviweka pande mbili za mlango, mbali, kisha akavisogeza upana wa kiganja kila walipokula kwa utulivu. Meoru alipoacha kula, alirudisha kisahani nyuma na kungoja. Hakumbeba tena, hata mara moja. Hilo, aliniambia, ndilo lililokuwa gumu zaidi, kwa sababu mikono yake haikujua kukaa bure mbele ya anayekataa chakula.

Ulipofika wakati wa kuonana, daktari alishauri wavu. Pil-rye hakuwa na wavu. Alilamba kidole, akakibonyeza kwenye karatasi ya mlango karibu na sakafu, akakizungusha taratibu mpaka pakawa na kitundu. Hivyo ndivyo majirani walivyokuwa wakifanya zamani usiku wa harusi, kuwachungulia maharusi. Mama Guk alipokiona kitundu alisahau kwamba alikuwa bado anaona haya kwa lile neno lake.

"Nani kaolewa humo, dada, na mimi sikualikwa?"

Safari hii Pil-rye alicheka, kisha akaacha. "Hakuna ndoa humo," alisema. "Na mimi ndiye niliyewafanya wake wenza, si wewe. Wewe ulitamka tu."

Jicho la manjano likachungulia upande mmoja, la kijani upande mwingine. Walifokeana, wakaenda zao, wakarudi. Kitundu kikapanuliwa kidogo.

Haikwenda moja kwa moja. Sikukuu ilipokaribia, hofu ya gunia ilimshika, naye akaufungua mlango wote kabla ya wakati, akijiambia kwamba wameshazoeana. Ukoko alivuka chumba kama jiwe lililorushwa. Safari hii Pil-rye hakuingiza mkono. Aliangusha mto mkubwa wa kukalia katikati yao, akawatenganisha, akaufunga mlango. Ikabidi aanze upya, visahani mbali, kitundu kikabandikwa karatasi, na majuma machache tu yamebaki. Nilimkuta ameketi barazani, mikono mapajani. Akasema kwamba amefanya haraka kwa ajili ya kaka yake na si kwa ajili ya paka, na kwamba hatafanya hivyo tena hata kaka yake akija na magunia mawili.

Asubuhi ya sikukuu Chi-gon alifika na suti nyeusi, mkewe nyuma yake amebeba sanduku la pea. Gunia lilikuwepo, niliona ncha yake katika mfuko wa plastiki alioutundika kwenye ndoano ya mlango. Nilikuwa nimekwenda kusaidia kukaanga samaki, kwa hiyo niliyaona yote.

Meza kubwa ilikuwa tayari: wali mpya, supu ya figili, samaki, vitumbua vya mchele vilivyopikwa juu ya majani ya msonobari, matunda. Desturi yetu humweka mume katikati na wake zake kulia na kushoto kwake, hata kaburini na hata mezani. Chi-gon alipiga magoti, akahesabu mabakuli kwa macho, akageuka.

"Bakuli la mama liko wapi?"

"Pale," alisema Pil-rye.

Kando ya dirisha linaloelekea mlimani, mbali na meza kubwa, palikuwa na meza ndogo ya mtu mmoja. Juu yake palikuwa na bakuli la shaba limejaa wali unaofuka moshi, supu, na kila kilichokuwa kwenye meza kubwa, na mto wa kukalia mbele yake.

"Umefanya nini wewe? Unamtenga mama na baba siku ya leo? Watu watasemaje?"

"Walisema vizuri sana wakati ule, kaka. Wakasema hakuna sauti."

"Usiniletee mambo ya zamani."

"Leo tumekuja kwa ajili ya watu wa zamani." Hakupandisha sauti. "Mama alikuwa anakula wapi? Wewe ulikuwa mkubwa kuliko mimi. Niambie tu alikuwa anakula wapi, halafu mimi nitalirudisha bakuli mezani."

Chi-gon aligeuka kuelekea jikoni. Mkewe alitazama sakafu. Ndipo ikasikika sauti ndogo, nayo haikuwa ya mtu. Mlango wa karatasi ulikuwa wazi kwa upana wa mkono, umezuiwa kwa kipande cha gogo. Huku Meoru alikuwa akila kwenye kisahani chake; kule Ukoko alikuwa akila kwenye chake. Kila mmoja alimwona mwenzake. Meoru aliinua kichwa, akatazama upande ule, akalamba mdomo, akaendelea kula. Ilikuwa sauti ya ndimi mbili, basi.

Chi-gon aliwatazama hadi walipomaliza. Meoru akaondoka kwa mwendo wa mzee, akapanda kabatini kwa ngazi ya masanduku aliyotengenezewa. Ukoko akajilaza upande wake.

"Nyuma ya jiko," alisema Chi-gon hatimaye. "Nilikuwa nampelekea maji."

Alisujudu mbele ya meza kubwa kama alivyopaswa. Kisha alihamia kwenye meza ndogo, akakaa pale kwa magoti muda mrefu kuliko desturi inavyodai, suti imekunjamana magotini, na hakuna aliyemharakisha. Alipoinuka hakumwomba dada yake msamaha, wala sidhani alijua pa kuanzia. Aliuendea ule mlango wa karatasi, akaupima kwa mikono yake miwili, juu hadi chini.

"Chumba cha kule kwenye nyumba mpya hakina kizuizi," alisema. "Ni kimoja tu. Huu unang'oka?"

"Ukiinuliwa kutoka chini, unatoka."

"Basi tuuchukue. Nitatafuta kamba."

Mfuko wenye gunia ulibaki kwenye ndoano. Siku ya kuhama Pil-rye alilitia bakuli la shaba na visahani viwili ndani yake, akaufunga.

Mashine zilipanda wiki iliyofuata, na nyumba ile sasa ni kifusi pamoja na ya bluu. Katika chumba kimoja cha ghorofa ya tatu mlango wa karatasi umesimamishwa katikati, umefungwa kwa kamba kwenye bomba, na kitundu chake karibu na sakafu kimefunguliwa tena. Paka wale hawajapatana, kama mtu anamaanisha kulaliana na kulambana. Meoru hulala upande wenye dirisha, Ukoko upande wenye mlango, na wanapopishana wanapishana kando ya ukuta bila kutazamana. Niliwatembelea majira ya baridi. Pil-rye aliniwekea supu, akaniuliza kama ningependa kula pamoja naye mezani au niachiwe nafasi ya kula peke yangu. Hakuwahi kuniuliza hivyo katika miaka yote niliyomjua. Nikasema mezani, naye akasogeza kiti chake kidogo, akaniketisha.